Dokta, dawa ya presha inatibu kifua? Maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu barua karibu zote ni za kifua. Chanzo nakijua, ni ile voisi ya dakika sita inayozunguka kwenye magrupu kwamba dawa ya presha inatibu mapafu, mwenyewe nimetumiwa mara nne na mara ya nne aliyenitumia ni mama mkwe, kwahiyo ikabidi niisikilize mpaka mwisho. Kabla hatujaanza narudia kitu ambacho huwa narudia kila mara, mnaniita dokta lakini mi ni mfamasia, nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka ishirini na kitu, nikikwambia nenda kamuone daktari sio kwamba nakukwepa, ni kwamba mi sina mashine ya kukupima, nina kabati la dawa na mdomo. Haya.

Shikamoo dokta. Mi ni mtoto wa mwisho kwa mama yangu, tuko Mafinga. Mama ana miaka 64, kapika kwa kuni maisha yake yote na miaka kumi na nane alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza, sigara hajawahi kugusa. Mwaka jana hospitali wakampulizisha kwenye mashine wakasema ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, wakampa pampu. Sasa shemeji katuma voisi kwenye grupu la familia kwamba Uingereza wamegundua dawa ya presha inaitwa bisoprolol inatibu mapafu na iko hapa hapa bongo famasi. Kaka yangu yuko tayari kwenda kuinunua. Mama anabanwa sana alfajiri, anaamka anakaa kitako kitandani kashika magoti anahema. Tumnunulie? — Kitinda mimba, Mafinga

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole nyingi. Jibu fupi ni kwamba kaka yako abaki na hela yake. Jibu refu ndo lenye utamu, vuta kiti.

Ile voisi haisemi uongo mtupu na hapo ndo ubaya wake ulipo. Ni kweli Uingereza waliijaribu bisoprolol kwa wagonjwa wa COPD, ni kweli ni dawa ya siku nyingi ya moyo na presha, na ni kweli huku ipo. Msemaji karuka kitu kimoja tu, majibu. Kajaribu sio kagundua, na mtu akikutangazia mechi mpaka dakika ya themanini alafu akazima redio ujue ana sababu zake.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Kwenye mirija ya hewa kuna vitu tuviite vitasa, na ile pampu ya mama yenye salbutamol ndo ufunguo, ikiingia mrija unalegea hewa inapita. Kwenye moyo nako kuna vitasa ndugu wa hivyo, vyenyewe vikifunguliwa moyo unaenda mbio. Dawa za kundi la bisoprolol kazi yake ni kuziba vitasa vya moyo ili utulie. Zile za mwanzo kama propranolol zilikuwa haziangalii usoni, zinaziba vya moyo na vya mapafu humohumo, mwenye pumu akimeza anaweza kubanwa vibaya mno, ndo maana chuoni tulifundishwa ukiona cheti kimeandikwa propranolol na mgonjwa mwenyewe ana pampu mfukoni, unasimama kwanza, unampigia daktari simu. Bisoprolol na metoprolol zinabagua, zinaenda zaidi kwenye moyo, japo sio kwa asilimia mia.

Sasa wazo la kumpa mgonjwa wa mapafu dawa ya namna hiyo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye mafaili. Mwaka 2011 watafiti wa Scotland walichapisha hesabu ya wagonjwa 5,977 wa COPD wa eneo la Tayside, wakakuta waliokuwa wanatumia dawa za kundi hili vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 22. Kwa watu tunaouza dawa hiyo namba inakufanya ukae sawa kwenye kiti. Na mantiki ipo, wagonjwa wa COPD wengi moyo nao sio mzima, moshi unaoharibu mapafu unaharibu na mishipa, kwahiyo ukiutuliza moyo labda na mtu anaishi zaidi.

Ila mafaili yana mtego. Chukua harusi inayoanza saa sita mchana na pilau inapakuliwa saa nane. Ukija jioni ukahesabu utakuta waliokula pilau ndo waliokaa sana ukumbini, ukatangaza kwamba pilau inazuia watu kuondoka mapema. Kumbe aliyeondoka saa saba hakuwahi hata kushika sahani, sio kwamba pilau ilimkosa akaondoka, aliondoka ndo akaikosa. Kwenye mafaili ya hospitali ni hivyohivyo, ili uandikwe kwamba ulitumia dawa fulani lazima kwanza uishi mpaka siku ya kuandikiwa. Na zaidi ya hapo daktari mwoga hamwandikii dawa hiyo mgonjwa ambaye mapafu yake yako hoi, anawaandikia wale wenye nafuu, alafu mwisho wa siku tunashangaa mbona wenye nafuu wameishi.

Dawa ya mtego huo ni kura. Unakusanya wagonjwa, kompyuta inawapigia kura, nusu wanapewa dawa na nusu wanapewa kidonge kinachofanana nacho kila kitu ila ndani hakuna dawa, mgonjwa hajui kapata kipi na daktari wake hajui, alafu mnasubiri mwaka mzima mnahesabu nani kazidiwa mara ngapi, yani kifua kimembana ghafla kuliko kawaida yake mpaka akahitaji matibabu ya ziada. Wamarekani walitangulia na metoprolol, wagonjwa 532, majibu yakatoka 2019. Walisimamisha kabla ya muda. Kuzidiwa hakukupungua, na waliokuwa kwenye dawa ndo walizidiwa mpaka kulazwa zaidi, vifo vikawa 11 upande wa dawa na 5 upande wa kidonge kitupu. Sawa, metoprolol imekataa, lakini bisoprolol inabagua moyo vizuri zaidi, na Uingereza walikuwa wameshaanza kuijaribu kabla majibu hayo hayajatoka. Ndo hiyo ya Uingereza ambayo shemeji kaisikia. Walitaka wagonjwa zaidi ya 1,500, korona ikaingilia wakaishia na 519 kwenye vituo 76, wote ni watu waliokuwa wamezidiwa mara mbili au zaidi ndani ya mwaka. Majibu yalichapishwa 2024. Waliomeza bisoprolol walizidiwa kwa wastani mara 2.03 kwa mwaka. Waliomeza kitupu, mara 2.01.

Soma tena hizo namba mbili. Hiyo ndo dakika ya themanini mpaka tisini ambayo voisi haikukufikishia.

Na nikwambie kingine mwanangu, mi simcheki shemeji. Mwaka 2011 mi mwenyewe nilikuwa nawaambia watu kaunta "zipo tafiti nzuri nzuri zinakuja". Ndo ilivyokuwa pia kwa simvastatin, dawa ya kushusha kolesteroli, mafaili yalikuwa yanaisifia kwa COPD mpaka basi, wakaja kupiga kura kwa wagonjwa 885 Marekani na Kanada, 2014 majibu yakatoka mara 1.36 kwa dawa na 1.39 kwa kitupu, yani hamna kitu.

Turudi kwa mama maana ndo wa muhimu hapa. Umeandika kitu kimoja kikanisimamisha, kwamba anaamka alfajiri anakaa kitako kashika magoti. Kushika magoti ni mkao wa kila mtu aliyebanwa, mwili wenyewe unajitafutia egemeo. Lakini kuamka usingizini umebanwa mpaka ukae inaweza kuwa COPD na inaweza kuwa moyo, na zinaweza kuwa zote mbili. Kamwangalie miguu jioni, bonyeza juu ya kifundo kwa kidole hesabu mpaka kumi, ukitoa kidole pakibaki shimo mwambie daktari neno kwa neno. Hata pasipobaki shimo bado omba apimwe moyo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kama inawezekana eko (picha ya moyo ya ultrasaundi). Muulize pia analala na mito mingapi, kama zamani ulikuwa mmoja na sasa ni mitatu hilo nalo ni jibu. Na kabla ya yote nakuomba kesho asubuhi ukae umwangalie anavyovuta pampu, usimfundishe, mwangalie tu alafu unisimulie.

Kuhusu moshi najua mtaniambia gesi ghali. Sawa, lakini kama kuna binti au mkwe nyumbani jikoni aingie yeye, mama akae upepo unakotokea sio unakokwenda, kuni ziwe zimekauka kweli, na maandazi astaafu. Hiyo haimrudishii mapafu yaliyokwenda, inazuia yaliyobaki yasiende haraka.

Assalaam aleikum. Nina umri wa miaka 71, niko Mombasa. Nina matatizo ya moyo na kifua hiki hiki mnachokizungumza. Natumia bisoprolol mwaka wa tatu sasa, niliandikiwa na daktari wa moyo. Mwanangu kasoma mtandaoni kuwa dawa hiyo imeshindwa kwa wenye COPD, anataka niiwache. Mimi naiona yanifaa. — Mzee wa Majengo

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Usiiache. Na tafadhali sana usiiache ghafla, dawa hizi ukizikata siku moja moyo unaweza kushtuka ukaenda mbio, hata daktari akitaka kukutoa anakushusha dozi taratibu.

Mwanao kasoma vizuri ila kaelewa nusu. Swali la utafiti lilikuwa je, mtu ambaye hana haja ya dawa hii kwa moyo, akipewa kwa ajili ya mapafu tu atapata faida? Jibu hapana. Wewe swali lako ni lingine, una moyo unaoihitaji. Na humohumo kwenye utafiti wa Uingereza kuna habari njema kwako, waliomeza bisoprolol hawakupata madhara zaidi ya waliomeza kitupu, kwahiyo ule woga wa zamani kwamba mwenye COPD asiguse kabisa dawa hii umepungua. Kuna wazee wengi huku kwetu wananyimwa dawa ya moyo kwa sababu tu wana pampu na kwangu mimi hilo ndo funzo kubwa la utafiti ule kuliko lile lililotangazwa. Ukianza kuhema kuliko kawaida au mapigo yakawa ya polepole sana na kizunguzungu, hapo nenda.

Dokta habari, nina miaka 58 niko Bukoba, natumia aminofilini vidonge vile vyeupe tangu 2009 kwa ajili ya kifua. Nilienda hospitali nyingine daktari kijana akacheka akasema hizo dawa za makumbusho, kuna utafiti umeonyesha hazifanyi kazi. Kweli? Maana mimi nisipokunywa nasikia tofauti. — Mama Koku

Nzuri mama Koku. Huyo kijana asingecheka, ila hajadanganya sana.

Aminofilini ni theofilini iliyochanganywa na kitu cha kuisaidia iyeyuke, na theofilini ni ndugu wa damu wa kafeini, aliyeitoa mara ya kwanza kwenye majani ya chai ni Mjerumani Albrecht Kossel mwaka 1888. Kabla ya hapo, 1859, kuna daktari Mwingereza Henry Hyde Salter alikuwa tayari anaandika kwamba kahawa nzito inawasaidia wenye pumu. Kwahiyo wewe wa Bukoba unayetafuna kahawa uko kwenye ukoo huohuo (usinielewe vibaya, kahawa haitoshi kuwa tiba).

Utafiti aliousema ni huu. Maabara za Imperial College London, kina Peter Barnes, waliona kwamba theofilini kwa dozi ndogo sana, ndogo kuliko ya kufungua kifua, inaziamsha dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, zifanye kazi vizuri kwenye mapafu yaliyoharibika. Wazo zuri mno, dawa ya bei ya chini, kila nchi inayo, ingefanya kazi ingekuwa neema hasa kwa sisi. Wakapiga kura kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 Uingereza, wote wakiwa kwenye pampu za steroidi, mwaka mzima, 2018 majibu yakatoka: mara 2.24 kwa dawa, mara 2.23 kwa kitupu. Mnaona hizi namba zinavyofanana na zile za bisoprolol? Mi huwa naona kama mtu kanakili.

Lakini angalia swali tena. Waliuliza kuhusu dozi ndogo ya kuongezea kwenye pampu za steroidi kuzuia kuzidiwa. Hawakuuliza kuhusu mtu ambaye hana pampu ya kueleweka na anameza dozi ya kufungua kifua. Inawezekana kabisa wewe unaisikia kweli, inafungua, ila inafungua kidogo kwa hatari kubwa, wakati pampu zinafungua zaidi kwa hatari ndogo. Ndo maana imeshushwa daraja.

Hatari yenyewe ni kwamba kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru pamebana. Nitakusimulia aibu yangu. Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye famasi ambayo siitaji, alikuja mzee mmoja na cheti cha siprofloksasini kwa ajili ya mkojo. Nikampa. Sikumuuliza anatumia nini kingine, foleni ilikuwa mpaka nje na mimi nilikuwa najiona mwepesi wa mikono. Mzee alikuwa anatumia aminofilini kama wewe. Siprofloksasini inalizuia ini lisiisafishe theofilini, ikajaa kwenye damu. Siku ya tatu mwanae akaja, baba anatapika, anatetemeka mikono mpaka kikombe kinagonga sahani, moyo unaenda kama mtu aliyekimbia. Nilifunga dirisha nikaenda nae mwenyewe hospitali. Alipona, na mpaka leo mtu akija na siprofloksasini au erithromaisini nauliza "una kifua?" hata kama ni kijana mnene anayecheka.

Basi wewe: kila unapoandikiwa dawa yoyote taja aminofilini. Ukiwekwa kwenye dawa za TB ujue rifampisini inaiondoa haraka mwilini, utaiona kama haifanyi kazi, usijiongezee mwenyewe. Kama unavuta sigara ukaacha (na uache) mwambie daktari, maana moshi wa sigara unaifanya isafishwe haraka, ukiacha dozi ileile inakuwa kubwa. Kutapika, kutetemeka, moyo kudunda, usisubiri kesho. Na omba upangiwe pampu upya, ukishaizoea ndo mjadili na daktari kuhusu kuvipumzisha hivyo vidonge.

Sasa daktari, mimi ni wa Nakuru. Kila kifua kikianza nanunua azithromycin ya siku tatu, inanisaidia. Cousin wangu nurse ananiambia hiyo dawa siku hizi wanaitumia kwa COPD kila siku mwaka mzima. Si basi nianze tu kuimeza daily? — Mkulima

Poa sana mkulima. Binamu yako hajakosea, hii ndo moja ya dawa za zamani ambazo zilipita mtihani. Antibaotiki ya kawaida, ila hapa ilijaribiwa kwa sababu inatuliza pia uvimbe kwenye mirija. Wamarekani walichukua wagonjwa 1,142, miligramu 250 kila siku mwaka mzima, majibu yakachapishwa 2011: kuzidiwa mara 1.48 kwa mwaka kwa waliokuwa kwenye dawa, 1.83 kwa wengine. Sio muujiza lakini ni tofauti ya kweli.

Sasa sikiliza bei yake, na sio ya pesa. Wagonjwa walipimwa masikio, usikivu ulipungua kwa asilimia 25 ya waliomeza dawa na asilimia 20 ya wasiomeza. Wenye shida fulani ya umeme wa moyo na wenye masikio mabovu hawakuingizwa kabisa kwenye utafiti, wewe umepimwa hivyo vitu? Alafu vijidudu vinavyoishi kooni vinazoea dawa, siku ukiihitaji kweli haishiki.

Na kuna jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko huko walikofanyia utafiti, TB. Mtu anakohoa wiki mbili, anameza azithro, homa inashuka kidogo, anasema nimepona, mwezi unapita anarudia, mwezi wa nne anatema damu. Kikohozi cha wiki mbili ni makohozi kwenye kikopo yapelekwe maabara, kipimo hicho kwenye vituo vya serikali ni bure, kwanza hicho ndo hayo mengine. Na kama uliwahi kuugua TB zamani ukapona mwambie daktari, makovu yake peke yake yanaweza kukuachia kifua kinachofanana na COPD. Umesema tu "kifua", hujasema umewahi kupulizishwa kwenye mashine. Hujui hata kama ni COPD ndugu yangu. Acha kununua ya siku tatu.

Dada yangu yuko Muscat kasema kuna sindano ya ukurutu wa ngozi sasa inatibu mapafu, Marekani wamepitisha. Hii nayo ni voisi? — Msomaji, Tanga

Hii sio voisi, hii ni kweli. Dupilumab, ilianza kwa ukurutu 2017, ikaenda kwenye pumu, na Septemba 2024 Marekani wakaipitisha kwa COPD. Utafiti wa kwanza mkubwa ulikuwa na watu 939, kuzidiwa kulipungua kwa asilimia 30, na ilikuwa kwa kura kama ile niliyoieleza juu.

Ila sio kwa kila kifua. Ni kwa wale ambao tayari wako kwenye pampu zenye dawa za aina tatu na bado wanazidiwa, na damu yao ina eosinofili nyingi (aina ya chembe nyeupe za damu), 300 na kuendelea kwenye kipimo cha damu. Huku kwetu eosinofili zinapandishwa pia na minyoo na kichocho, kwahiyo mtu wa Tanga anaweza kuwa na 600 kwa sababu ya mtaro aliouvuka pekupeku. Minyoo inatibiwa kwanza. Na ni sindano kila baada ya wiki mbili, ya bei ambayo nikiitaja hapa mhariri atadhani nimekosea sifuri. Mwambie dada asitume hela.

Kaka, mbona hizo dawa za zamani zinajaribiwa na serikali na vyuo tu, makampuni yako wapi? — Mwanafunzi, Mbeya

Hatimiliki ikishaisha kila kiwanda kinatengeneza, nani atoe mabilioni kuthibitisha kazi mpya ya kidonge ambacho kesho jirani yake atakiuza kwa bei ileile? Ile ya theofilini na ile ya bisoprolol zote zililipiwa na hela ya serikali ya Uingereza. Dupilumab ilikuwa bado ina mwenyewe, ndo maana ikajaribiwa haraka. Umejijibu.

Shikamoo. Shangazi yangu tunaishi nae Leicester, ana COPD, hospitali wamempa makaratasi aingie kwenye majaribio ya dawa, kuna ukurasa umeandikwa anaweza kupata kidonge kisicho na dawa. Anasema wanataka kumfanya panya. Mimi ndo namtafsiria. — Mpwa

Marahaba. Asisaini leo. Haki yake ni kwenda nayo nyumbani, kulala nayo na kuuliza. Mwambie kwanza kwamba hawamuondolei dawa zake za sasa bila kumwambia, kwenye tafiti zote nilizozitaja juu wagonjwa waliendelea na pampu zao, hicho kidonge kiliongezwa tu. Kwahiyo kitupu hapo maana yake ni kubaki kama alivyo jana, na mmeona wenyewe, kwenye ule wa metoprolol waliopata kitupu ndo walikuwa na bahati.

Muulizie haya: dawa hii ilikuwa inatibu nini kabla, imeshawadhuru watu kwa namna gani, akizidiwa usiku anampigia nani, na akitaka kutoka mwezi wa tatu kuna mtu atamnunia? Hilo la mwisho jibu lake lazima liwe hapana, kama anayejibu anazungukazunguka ondokeni. Wewe unatafsiri vizuri lakini ombeni mkalimani wa hospitali siku ya kusaini, shangazi ana mambo hatayasema mbele ya mpwa wake. Na kwa wa huku nyumbani wanaoniuliza hivyohivyo, utafiti wa dawa Tanzania lazima uwe na kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu, muombe mtafiti akuonyeshe karatasi, mtafiti wa kweli hakasiriki.

Dokta ni mimi tena wa Mafinga. Nimemwangalia mama kama ulivyosema. Anaweka pampu mdomoni, anabonyeza, alafu ndo anavuta, na mvuke mwingine unatokea puani. Anasema ina uchungu kwenye ulimi. Miguu haina shimo lakini tumepangiwa eko mwezi ujao. Wametuambia tununue spesa, kile kichupa cha kuchomekea pampu ili dawa ifike kifuani, huku hatujaipata. — Kitinda mimba

Mwanangu umefanya kazi kubwa kuliko ile voisi. Uchungu kwenye ulimi ndo dawa yenyewe, inaishia mdomoni haifiki kifuani. Mwaka mzima mama amekuwa akiionja.

Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, ngumu kidogo sio zile zinazobonyea ukiishika. Kitako chake toboa tundu la umbo la mdomo wa pampu, njia rahisi ni kupasha moto kipande cha waya mnene ukakikunja kwa umbo hilo ukayeyusha plastiki, nje sio jikoni. Pampu iingie kwa kubana, pembeni ziba kwa plasta hewa isivuje. Chupa ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe usiifute na kitambaa, ukiifuta plastiki inavuta dawa ukutani. Mama anaweka mdomo wa chupa mdomoni anaufumba, unatikisa pampu, unabonyeza mara moja tu, yeye anapumua taratibu ndani ya chupa, ndani nje, mara tano. Subiri nusu dakika, tikisa tena, bonyeza ya pili. Msibonyeze mbili kwa mpigo. Na hii sio dawa ya mtaani, Cape Town waliipima kwa kura kwa watoto wenye pumu, ikachapishwa 1999, chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani, na watu wazima nao wanaitumia.

Ikipasuka usiigandishe na gundi, nunua maji mengine mnywe.